Ufunguo Mmoja, Milango Mingi: Jinsi Dawa za Ubongo Zinavyotafutwa

Na: Mwanachama, Kidato cha Nne

Mwaka huu mhariri wetu alituomba wanachama tuandike makala za sayansi kwa Kiswahili, maana kuna wenzetu wanaodai eti Kiswahili ni lugha ya ngonjera na insha tu. Nami nimeitikia wito. Nitaeleza jinsi wanasayansi wanavyotafuta dawa za maradhi ya akili. Sikuichagua mada hii kwa kuwa ni bingwa wa Bayolojia, la hasha! Niliichagua kwa sababu ya mjomba wangu.

Mjomba ni fundi wa baiskeli karibu na Mumias. Hata gurudumu lipinde namna gani, yeye alikuwa akilinyosha kwa spana ndogo na jicho moja lililofumbwa. Nilipokuwa darasa la saba, alianza kusikia sauti za watu ambao sisi hatukuwaona. Akafunga kibanda chake. Akawa halali. Majirani wengine walisema amerogwa, wengine wakasema ni bangi, ilhali mjomba hajawahi hata kuvuta sigara. Nyanya alimzungusha kwa waganga na kwa waombaji. Pesa zilipokwisha ndipo akapelekwa hospitalini, na daktari akasema ni ugonjwa uitwao skizofrenia. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kifo humuumbua.

Mjomba alipewa vidonge vya haloperidoli. Baada ya majuma machache sauti zilipungua, akaanza kulala. Tulifurahi ghaya ya kufurahi. Lakini kukazuka jambo jingine. Mikono yake ilianza kutetemeka. Uso ulikauka, hata akifurahi huwezi kujua. Alitembea kwa hatua fupi fupi, mikono imeshikamana na mbavu. Kuingiza spoki katika tundu la rimu kukawa kazi ya nusu saa.

Nasi watoto, Mola atusamehe, tulimwiga. Tulimfuata nyuma tukitembea kama yeye na kucheka. Siku moja aligeuka akatuona. Hakusema kitu. Miezi miwili baadaye mama alivikuta vidonge vyake ndani ya kopo la grisi, vimejaa tele. Sauti zilikuwa zimesharudi. Mama alipomuuliza, alijibu:

"Dada, afadhali hizo sauti. Hizo nazisikia peke yangu. Hii kutetemeka kila mtu anaiona."

Maneno hayo yalinichoma kama mkuki. Nilipofika Kidato cha Nne na tukaanza mada ya neva na ubongo, nilimuuliza mwalimu wetu wa Bayolojia: "Mwalimu, inakuwaje dawa itulize kichwa halafu itetemeshe mikono?" Alinitazama, akasema, "Hilo ndilo swali ambalo limewasumbua watafiti kwa miaka sabini. Kaa chini." Niliyojifunza kwake na vitabuni ndiyo haya.

MAKUFULI YA UBONGO

Ubongo wa binadamu una seli za neva takriban bilioni 86. Kwa kawaida seli hizi hazigusani. Kati ya seli moja na nyingine kuna mwanya mdogo sana uitwao sinapsi. Seli ikitaka kupeleka habari kwa jirani yake, humwaga kemikali katika mwanya huo. Kemikali hiyo huvuka na kukamata kipokezi, yaani molekuli ya protini iliyo juu ya ngozi ya seli ya pili.

Mnakumbuka somo la vimeng'enya, lile la kufuli na ufunguo? Hapa pia ni vivyo hivyo. Kipokezi ni kufuli, kemikali ni ufunguo. Dopamini ina makufuli yake, serotonini ina yake, asetilikolini nayo ina yake.

Dawa nyingi za ubongo ni funguo zilizotengenezwa na binadamu. Funguo hizi ni za aina tatu. Aina ya kwanza huingia na kufungua mlango kama kemikali yenyewe. Aina ya pili huingia lakini haifungui. Hukaa tu ndani ya kufuli ikauzuia ufunguo wa kweli, kama vile mtundu anavyotia njiti ya kiberiti kwenye kufuli la bweni. Aina ya tatu haiingii tunduni. Hushika ubavu wa kufuli na kulifanya liwe jepesi au gumu zaidi kufunguka, mfano wa kitufe cha redio kinachopandisha na kushusha sauti.

Sasa shika neno hili, msomaji, maana ndilo kiini cha makala yangu: kufuli la aina moja huwekwa kwenye milango mingi. Kipokezi kile kile kinaweza kuwa katika sehemu ya ubongo inayohusika na fikira, katika sehemu inayoongoza mikono na miguu, na hata tumboni. Dawa ukishaimeza haiulizi njia. Hufungua au huziba kila kufuli inayolikuta.

BAHATI YA WAFARANSA

Usidhani kwamba dawa ya kwanza ya skizofrenia ilipatikana kwa hesabu na michoro. La! Ilipatikana kwa bahati, ingawa bahati yenyewe iliwakuta watu waliokuwa macho.

Mnamo Desemba 1950, mkemia Mfaransa Paul Charpentier wa kampuni ya Rhône-Poulenc alitengeneza kemikali iliyoitwa klopromazini. Kampuni ilikuwa ikichunguza kemikali za jamii ya dawa za mzio. Daktari wa upasuaji, Henri Laborit, alikuwa akitafuta kitu cha kupunguza mshtuko wa mwili wakati wa upasuaji. Akaona kwamba wagonjwa waliopewa klopromazini walitulia, hawakujali sana yaliyokuwa yakitendeka, na bado walikuwa macho. Akawashauri madaktari wa akili waijaribu.

Mwaka wa 1952, Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne, Paris, waliwapa wagonjwa waliokuwa wakisikia sauti na kuona mambo yasiyokuwepo. Wengi walipata nafuu. Dawa ikauzwa kwa jina la Largactil. Mwaka wa 1958, katika maabara ya Paul Janssen nchini Ubelgiji, ikatengenezwa haloperidoli, hiyo hiyo ya mjomba.

Hata hivyo, hakuna aliyejua dawa hizi zilikuwa zikifanya nini ndani ya ubongo. Walikuwa na ufunguo, lakini kufuli hawakulijua.

KUFULI LAJULIKANA

Msweden Arvid Carlsson ndiye aliyetangulia kuonyesha, katika miaka ya 1950, kwamba dopamini ni mjumbe wa habari katika ubongo. Mwaka wa 1963 yeye na mwenzake walitoa taarifa iliyoonyesha kuwa klopromazini na haloperidoli zinaingilia kazi ya wajumbe wa jamii hiyo. Kwa kazi yake juu ya dopamini alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2000, pamoja na watafiti wengine wawili.

Mwaka wa 1975, Philip Seeman na wenzake wa Toronto, Kanada, walilishika kufuli lenyewe. Walichukua haloperidoli iliyotiwa alama ya mnururisho, wakaichanganya na ubongo wa mnyama uliosagwa, wakachuja, kisha wakapima ni kiasi gani cha mnururisho kilichobaki kimeng'ang'ania. Mwaka uliofuata, wao na kundi jingine la Marekani wakafanya ulinganisho wa ajabu. Walizichukua dawa nyingi za skizofrenia na kuuliza: kila moja inang'ang'ania kipokezi cha dopamini kwa nguvu gani, na daktari humpa mgonjwa kiasi gani kwa siku? Zilizong'ang'ania sana ndizo zilizotolewa kwa miligramu chache. Zilizong'ang'ania kidogo zilihitaji mamia ya miligramu. Ukichora grafu, unapata karibu mstari ulionyooka! Kipokezi hicho leo huitwa D2.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Haloperidoli ni ile njiti ya kiberiti. Huziba makufuli ya D2 pale panapozaa sauti, nazo sauti zikapungua. Lakini makufuli hayo hayo yapo kwa wingi katika sehemu ya ndani ya ubongo inayolainisha mwendo. Yakizibwa huko, mtu hutetemeka na kukakamaa kama mgonjwa wa Parkinson, ambaye dopamini yake imepungua mahali hapo hapo. Mjomba hakuwa amerogwa mara ya pili. Ufunguo ulikuwa umeingia mlango wa jirani.

Na kipimo nacho ni muhimu. Mwaka wa 2000, watafiti wa Toronto walipiga picha za ubongo wa wagonjwa waliokuwa wakitumia haloperidoli. Waliona kwamba nafuu huelekea kupatikana kipimo kikiziba takriban asilimia 65 ya vipokezi vya D2, na ukakamavu huelekea kuanza kikipita takriban asilimia 78. Nafasi kati ya nafuu na dhara ni nyembamba kama ukingo wa wembe.

NGAZI ZA UTAFITI

Siku hizi dawa haingojewi ianguke kama embe. Hutafutwa kwa ngazi, na kila ngazi ina wanaoanguka.

Ngazi ya kwanza ni maabara. Watafiti huchagua kipokezi, hukiweka katika seli zinazokuzwa kwenye sahani, kisha hujaribu maelfu ya kemikali waone ipi inakishika na ipi inashika pia vipokezi vingine visivyotakiwa.

Ngazi ya pili ni wanyama. Hapa huangaliwa kama kemikali ni sumu, na kama inafika ubongoni. Hili la kufika si dogo. Mishipa ya damu ya ubongo ina ukuta mkali unaokataa vitu vingi kupita, mithili ya soja wa geti letu siku ya Jumapili. Tena kuna taabu nyingine: panya hawezi kukwambia kwamba anasikia sauti. Ndiyo sababu dawa nyingi za akili hufaulu kwa panya zikafeli kwa watu.

Ngazi ya tatu ni binadamu, nayo ina hatua tatu. Kwanza watu wachache waliojitolea, mara nyingi wenye afya, ili kupima usalama. Pili wagonjwa kadhaa, kuona kama inasaidia na kwa kipimo gani. Tatu mamia au maelfu ya wagonjwa. Hugawanywa kwa kura: kundi moja hupewa dawa, jingine hupewa kidonge kitupu kinachofanana nayo. Mgonjwa hajui amepewa kipi, na daktari anayempima hajui. Kwa nini? Kwa sababu tumaini lenyewe huleta nafuu. Kila mshiriki lazima aelezwe hatari, akubali kwa hiari, na aweze kujitoa wakati wowote.

Mwisho kabisa dola hukagua matokeo. Hapa Kenya kazi ya kuidhinisha dawa ni ya Bodi ya Dawa na Sumu.

KOLEO LIKIVUNJIKA

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mfano ni klozapini. Dawa hii hushika D2 kwa ulegevu, kwa hiyo haikakamazi watu sana. Lakini mwaka wa 1975 huko Finland baadhi ya wagonjwa walioitumia walipungukiwa na chembechembe nyeupe za damu wakafariki. Ikaondolewa katika nchi kadhaa. Hata hivyo, utafiti uliochapishwa Marekani mwaka wa 1988 uliwachukua wagonjwa 268 ambao dawa nyingine ziliwashinda. Waliopewa klozapini, asilimia 30 walipata nafuu; waliopewa klopromazini, asilimia 4 tu. Ikarudishwa, kwa masharti ya kupima damu mara kwa mara.

Mfano wa pili ndio ulionivutia zaidi, kwa sababu hauhusu D2 kamwe. Ni zanomelini. Kemikali hii ilifanyiwa kazi katika miaka ya 1990 na kampuni za Eli Lilly na Novo Nordisk ili kuwasaidia wazee wenye ugonjwa wa usahaulifu wa Alzheimer. Hufungua makufuli ya asetilikolini ya jamii iitwayo maskarini. Jamii hii ina ndugu watano, M1 hadi M5. M1 na M4 wapo sana ubongoni. M2 yupo moyoni, na M3 yupo kwenye utumbo na tezi za mate.

Matokeo ya jaribio la wazee 343 yalichapishwa mwaka wa 1997. Jambo lisilotarajiwa sana likaonekana: wazee waliokuwa wakisikia sauti na kuwashuku watu walitulia. Lakini wengi walitapika na kuumwa tumbo. Kati ya waliopewa kipimo kikubwa, asilimia 52 waliacha kwa sababu ya madhara. Unaona? Ni yale yale ya mjomba. Ufunguo mzuri, milango mingi mno. Mwaka wa 2008 ikajaribiwa kwa wagonjwa 20 wa skizofrenia ikaonyesha dalili njema, lakini tumbo bado lilikuwa kikwazo.

Baadaye kampuni ndogo ya Boston, Karuna, ikatumia ujanja ambao hata mtoto wa chekechea angeuelewa. Kulikuwa na dawa ya zamani ya kibofu cha mkojo iitwayo trospiamu, ambayo huziba makufuli ya maskarini. Sifa yake ni kwamba soja wa geti haimruhusu kuingia ubongoni, ila kidogo mno. Basi wakaziunganisha. Zanomelini hufungua milango ya ubongoni. Trospiamu hubaki nje, ikiziba milango ya tumbo. Watafiti hawakuvumbua ufunguo mpya. Walitafuta mlinzi wa kuusindikiza.

Katika jaribio moja la ngazi ya mwisho, wagonjwa 252 walifuatiliwa kwa majuma matano. Ukali wa ugonjwa ulipimwa kwa alama ambazo ni 30 hadi 210. Waliopewa dawa walishuka kwa alama 21.2. Waliopewa kidonge kitupu walishuka kwa alama 11.6. Ona jinsi tumaini tupu lilivyofanya zaidi ya nusu ya kazi! Tofauti, alama 9.6, ndiyo stahili ya dawa. Tarehe 26 Septemba 2024 Marekani iliidhinisha dawa hiyo kwa jina la Cobenfy. Ilikuwa ya kwanza ya skizofrenia kuidhinishwa huko inayolenga makufuli ya asetilikolini badala ya yale ya dopamini.

Je, sasa kazi imekwisha? Ng'o! Kichefuchefu na kufunga choo bado vipo kwa baadhi ya watumiaji. Na Novemba mwaka huo huo, dawa nyingine iitwayo emraklidini, ile aina ya tatu ya ufunguo inayoshika ubavu wa M4, ilishindwa kukishinda kidonge kitupu katika majaribio mawili. Kampuni iliyoimiliki ilikuwa imetumia mabilioni ya dola.

TURUDI MUMIAS

Nilipomwambia mwalimu habari za Cobenfy nilikuwa nimejaa furaha. Akaniuliza, "Bei ulisoma?" Nilikuwa nimesoma. Ilipozinduliwa Marekani bei yake ilitangazwa kuwa takriban dola 1,850 kwa mwezi. Mjomba akinyosha magurudumu mwaka mzima hapati pesa hizo. Nilinyamaza kimya.

Lakini elimu haikunitupa mkono. Likizo ya Aprili nilimweleza mama jambo la kipimo na ukingo wa wembe. Tukamsindikiza mjomba hospitalini, na safari hii hakuficha kitu. Daktari alimsikiliza, akapunguza kipimo cha haloperidoli, na akamwongezea kidonge cha kutuliza mtetemeko, benzheksoli. Ni dawa ya zamani, na bei yake ni nafuu. Mikono haikutulia kabisa. Sauti nazo husikika mara moja moja, hasa akikosa usingizi. Ila kibanda kimefunguliwa.

Siku nilipokuwa narudi shuleni nilipitia kwake. Nilimwambia, "Mjomba, nisamehe kwa yale ya kukuiga." Alikuwa akitia spoki. Ikakosa tundu, ikakosa tena, ya tatu ikaingia. Akasema, "Shika hii rimu vizuri, kijana wa shule." Nikashika.

HITIMISHO

Wenzangu, tuna mafunzo matatu. Kwanza, maradhi ya akili ni maradhi kama malaria, na dawa zake zina njia ya kueleweka. Pili, mtu akidhurika na dawa asiitupe kimyakimya. Amrudie daktari, kwa maana kipimo kinaweza kubadilishwa. Tatu, tusimcheke anayetetemeka. Kabla hujafa hujaumbika. Na ewe unayetaka kusomea famasia au kemia, kazi ya kutafuta ufunguo mzuri, na tena wenye bei ya mtu wa Mumias, bado iko. Inakungoja.

MSAMIATI

Kipokezi: protini ya seli inayoshikwa na kemikali ili seli ipate habari.
Sinapsi: mwanya kati ya seli mbili za neva.
Dopamini: kemikali ya ubongo inayohusika, pamoja na mengine, na mwendo wa mwili.
Kidonge kitupu: kidonge cha majaribio kisicho na dawa ndani yake.

MASWALI

1. Eleza kwa nini haloperidoli hupunguza sauti na wakati huo huo hutetemesha mikono.
2. Trospiamu ingekuwa inaingia ubongoni kwa urahisi, zanomelini ingefanya kazi? Toa sababu.
3. Kwa nini daktari anayempima mshiriki wa jaribio hapaswi kujua nani amepewa dawa?